Chemba Kabla ya Dawa: Kisa cha Nyumba Moja ya Upanga

Nilipofika kwenye nyumba hii ya Upanga, Dar es Salaam, Jumapili moja katikati ya masika, mafundi wawili walikuwa wamekwishapita. Wa kwanza alibadilisha mtego wa maji, ile kona ya bomba inayobakiza maji ili kuzuia harufu, chini ya sinki la jikoni. Wa pili alimimina lita nzima ya asidi ya betri kwenye tundu la sakafu ya bafu la chini, akaagiza wasubiri hadi asubuhi. Asubuhi maji ya chooni yalichomoza kwenye tundu hilohilo, yakavuka kizingiti na kulowesha zulia la sebuleni.

"Shikamoo mama," nilimsalimu mwenye nyumba pale barazani.

"Marahaba baba. Karibu. Ila nakuomba, usinambie nikanunue sinki jingine."

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu karibu kila kosa linaloifanya nyumba iteseke na maji yanayoshuka taratibu lilifanyika hapa, na moja nusura nilifanye mimi. Nimeifanya kazi ya bomba miaka mingi, na bado inaniuma kumwona mama wa miaka sabini na ushei akitoa pesa mara tatu kwa ugonjwa mmoja ambao hakuna aliyeufunulia mfuniko.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja. Mama anakaa chini na binti yake, wajukuu wako juu, na nyumba ndogo ya uani ina mpangaji mwenye mtoto mchanga. Binti ni mpishi wa shughuli. Wiki isiyo na harusi ina hitima au mahafali, na sufuria kubwa za pilau zinaoshwa kwenye sinki lilelile la jikoni. Upanga ni katika sehemu chache za jiji zenye bomba la majitaka la mtaa, kwa hiyo hapa hakuna karo, lile shimo la kupokea majitaka ya nyumba. Maji machafu yote yanatoka nyuma ya jiko na kuingia chemba ya kwanza, yaani kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba, yanapita chini ya ua hadi chemba ya pili iliyo kwenye kona ya nyumba, kisha yanapita chini ya njia ya gari hadi chemba ya tatu, ndani kidogo ya geti. Kutoka hapo yanaingia barabarani.

Kabla sijafungua begi la vifaa nilikaa na mama na binti yake tukazungumza. Fundi kijana huona mazungumzo ni kupoteza muda, lakini mimi ndiko nilikopata nusu ya jibu. Niliuliza: kilianza kipi? Binti akasema ni sinki la jikoni, karibu miezi miwili nyuma. Maji yalikuwa yakishuka, lakini kwa kusitasita. Kikafuata nini? Bafu la chini. Mtu akioga, maji yanamfika kwenye vifundo. Na baada ya hapo? Mjukuu mmoja, binti wa miaka kama kumi, akadakia: "Babu, mtu akiflashi choo cha juu, bafu la chini linaguguma kama mtu anayekunywa uji."

Maneno ya mtoto huyo yalikuwa na thamani kuliko vifaa vyangu vyote. Bomba la majitaka halikusudiwi kujaa. Maji hupita sehemu ya chini na hewa hupita juu yake. Bomba likishaziba mbele, choo cha juu kikiflashi kinasukuma hewa ambayo haina pa kwenda, nayo inatafuta upenyo kwenye mtego ulio karibu na wenye maji machache, ambao hapa ulikuwa wa bafu la chini. Mlio ule ulikuwa umekwisha kutoa taarifa wiki nyingi kabla ya zulia kulowa.

Na kuna jambo jingine kwenye maelezo yao. Sinki likiwa peke yake taratibu, tafuta kwenye sinki: mtego, kichujio, kipande cha bomba la inchi moja na nusu au mbili hadi kwenye gali, lile tundu la nje linalopokea maji ya sinki. Lakini sinki, bafu na choo vikilalamika kwa zamu, visivyochangia kitu isipokuwa lile bomba kubwa la inchi nne la nje, basi ugonjwa uko kwenye hilo bomba. Kuvunja vigae bafuni siku ile kungekuwa sawa na kumng'oa mtu jino kwa sababu kichwa kinamuuma.

Swali langu la mwisho lilikuwa hili: maji yanapanda hata kama hamjatumia maji ndani? Mama akafikiri. "Usiku wa mvua kubwa, ndiyo. Tumelala wote, nasikia yanapanda." Nikaliweka hilo kichwani.

Tukiwa bado tunazungumza, msichana wa kazi alipita na deki, ndoo na chupa ya jiki, akielekea bafuni kusafisha uchafu uliobaki. Nikanyanyuka mbio kumzuia. Asidi ilikuwa imemiminwa mlemle usiku uliotangulia, na asidi ya betri ni nzito kuliko maji, inaweza kubaki chini ya mtego hata baada ya maji mengi kupita juu yake. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ndani ya bafu lenye dirisha dogo inaweza kumwangusha mtu kabla hajafika mlangoni. Tulifungua madirisha yote, watu wakakaa mbali, na bafu likaachwa hadi mwisho wa kazi, tulipoweza kupitisha maji mengi safi. Jiki ilikuja kutumika jioni, sakafu ikiwa imekwisha kuoshwa kwa sabuni na kusuuzwa. Kuua vijidudu ni lazima, kwani maji ya chooni sebuleni yanaweza kuleta kuhara, homa ya matumbo, hata kipindupindu, ila zamu ya jiki inakuja mwisho.

Nisiache kusema kuhusu ile asidi. Haikuwa na uwezo wowote wa kuzibua pale. Bomba la inchi nne likijaa lina karibu lita nane na nusu kwa kila mita. Toka bafuni hadi palipoziba, kama nilivyokuja kupima, kulikuwa na bomba la mita ishirini hivi, na chemba mbili za sentimita 60 kwa 60 zenye kina cha maji cha nusu mita, yaani lita 180 kila moja. Jumlisha: zaidi ya lita 500 za maji yaliyosimama. Lita moja ya asidi ndani ya hizo inazimuka kabla haijaonana na kizuizi. Ilichoweza kufanya ni kula saruji ya chini ya chemba ya kwanza, nikaikuta imelainika na inamomonyoka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai, na mchanga wake ukaongeza mzigo ndani ya bomba. Iliyobaki ilikuwa inamsubiri fundi atakayefuata aingize mkono.

Kostiki, ile dawa kali ya kuzibulia, nayo haina tofauti kubwa. Binti alikuwa amekwishaijaribu mara mbili kwenye sinki. Kostiki na mafuta ni malighafi za kutengenezea sabuni, na ikiwekwa nyingi kwenye bomba ambalo maji hayatembei, hutengeneza sabuni kweli, ikaganda humohumo.

Sasa chemba. Nilianza na ya kwanza, nyuma ya jiko: imejaa hadi karibu na mfuniko. Ya pili, kwenye kona: imejaa vilevile. Ya tatu, ndani ya geti: tupu. Haikuwa na maji yaliyosimama, ila alama ya unyevu chini.

Hapa ndipo nilipokaribia kukosea. Kabla sijaifungua ile ya tatu, jirani wa ng'ambo alikuwa ametoka akaniambia, "Fundi, usihangaike, hili ni bomba la mtaa. Kwangu chemba ilifurika juzi mvua iliponyesha." Alikuwa anasema kweli kuhusu kwake, na mimi, nikikumbuka maelezo ya mama kuhusu usiku wa mvua, nilikwisha kutoa simu nipige taarifa mamlaka ya maji. Ningefanya hivyo, wangekuja, wangefungua chemba ya barabarani, wangekuta maji yanatembea, wangeondoka, na mama angelala tena na maji ya choo chini ya kitanda. Chemba ya mwisho ndiyo mpaka. Ikiwa imejaa, tatizo liko mbele yake, barabarani, na hapo kwa kawaida ni kazi ya mamlaka. Ikiwa tupu huku zile za nyuma zimejaa, tatizo ni la mwenye nyumba, na liko baina ya chemba ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo tupu. Kwetu: baina ya pili na tatu, mita kumi na moja, chini ya njia ya gari.

Wenye karo, ambao ndio wengi Dar es Salaam, wafuate hesabu hiyohiyo. Fungua chemba ya mwisho kabla ya karo, kisha utazame usawa wa maji kwenye karo lenyewe. Karo likiwa limejaa hadi limefunika bomba linaloingia, ita gari la majitaka. Maji ya karo yakiwa chini ya bomba hilo na chemba imejaa, kizuizi kiko katikati, na gari litanyonya na kuondoka na hela yako bila kutibu chochote. Likinyonywa leo na kujaa tena baada ya siku chache, tazama shimo linalopokea maji ya karo: huenda udongo wake umeshiba, au maji ya ardhini yamepanda kwa masika. Na chonde, mtu asiingie ndani ya karo, hata dakika moja, hata kama kilichoanguka ni simu. Gesi ya humo ina harufu ya mayai viza ikiwa kidogo. Ikiwa nyingi, pua hufa ganzi usiisikie kabisa, na mtu huanguka. Mara nyingi anayefuata kumwokoa huanguka juu yake.

Tuliweka wavu wa chuma kwenye mdomo wa kutokea wa chemba ya tatu, ili tutakachokisukuma tukikamate pale badala ya kukipeleka kwenye bomba la mtaa kikazibe kwa majirani. Kisha tukaingiza fito kutoka chemba ya pili. Fito zetu ni za mita moja moja, zinaungwa kwa skurubu. Sheria yake ni moja tu: unazungusha kuelekea kulia wakati wote, kuingia na kutoka. Kijana wangu wa kazi, fito ilipogoma, akaizungusha kushoto kuitikisa. Tulipovuta zilitoka nne. Tatu zilibaki ndani ya bomba, zimejifungua wenyewe. Tulipoteza saa nzima kuzifuata kwa kichwa cha skurubu hadi zikashika. Sikumkaripia mbele ya watu, ila jioni tulikaa naye nikamwonyesha tena, fito mkononi, hadi mkono wake ukazoea.

Kwenye mita ya saba fito ziligota kitu. Si kigumu kama jiwe wala si laini kama tope. Zilizama kidogo, zikarudi. Tulibadilisha kichwa, tukafunga kile cha mpira mpana, tukasukuma kwa pamoja, na baada ya mara kumi hivi maji ya chemba ya pili yalizunguka, yakanyonywa kwa ngurumo, na sekunde chache baadaye chemba ya tatu ikapokea. Watoto walishangilia barazani.

Kwenye wavu tulikuta mabonge ya rangi ya krimu, yanayokatika kama sabuni ya mche, ndani yake wali, mchanga, na vile vitambaa laini vya kufutia watoto, vimesokotana kama kamba ya mkonge.

Kazi nyingi huishia hapo. Maji yameshuka, fundi ananawa, analipwa. Na kweli nyumba ingekaa vizuri mwezi, pengine miwili. Lakini bomba lililonyooka lenye mteremko mzuri halizibi kwenye mita ya saba kwa bahati mbaya. Kuna kitu pale kilichoyafanya mafuta yakae. Nikamwomba mama ruhusa ya kuendelea kesho yake, na nikamwambia wazi kwamba bila hivyo tutaonana tena kabla ya vuli.

Kesho yake, bomba likiwa limesuuzwa, nilishusha kioo kidogo kwenye chemba ya pili, kimelala mshazari mbele ya mdomo wa bomba, na kijana akamulika tochi kutoka chemba ya tatu. Bomba lililonyooka linakuonyesha duara kamili la mwanga, mwezi wa kumi na nne. Mimi niliona hilali. Kipande chembamba cha mwanga juu, na chini yake giza linalometameta, yaani maji yaliyosimama. Bomba lilikuwa limebonyea katikati, limefanya tumbo.

Nikamwuliza mama kama kuna kitu kilijengwa juu ya njia hii. Akacheka kwa uchungu. "Si pevingi hizi! Miaka miwili iliyopita. Lori la kokoto liliingia mpaka hapa."

Basi kisa chote kikafunguka. Tulitoa vitofali vya pevingi tukachimba, na sentimita thelathini tu chini tukaligusa bomba. Lori lilikuwa limelikandamiza mchangani. Soketi moja, yaani ungio la bomba na bomba, ilikuwa imechomoka nusu, na kwenye upenyo huo mizizi ya mti wa mkungu ulio karibu na ukuta ilikuwa imeingia, myembamba kama nywele, mingi. Mizizi haivunji bomba zima la plastiki. Inafuata unyevu unaovuja kwenye maungio, na ikishaingia inakuwa chujio la kila kinachopita.

Tulipima kwa levo ya mpira, ule mpira mwangavu uliojazwa maji ambao mafundi wa ujenzi wanautumia. Toka chemba ya pili hadi ya tatu bomba lilishuka jumla ya sentimita 20. Kwa bomba la inchi nne napenda sentimita 2.5 kwa kila mita, ambazo hapa zingekuwa 27.5. Hata hivyo 20 kwa mita kumi na moja zinatosha, iwapo zimegawanywa sawasawa. Hazikugawanywa. Mita sita za kwanza zilikuwa zimekula karibu mteremko wote, zilizofuata zilizama chini ya usawa, na za mwisho zilipanda kidogo kuifikia chemba. Maji yalikuwa yanapanda mlima. Mafuta yalikuwa yanapoa tumboni, mchanga unatulia chini yake, na vitambaa vinanasa kwenye mizizi.

Kazi ileile ya pevingi ilikuwa imeharibu mambo mengine mawili. Gali la nje, lile tundu la chini ya dirisha la jiko, lilipandishwa mdomo lilingane na vitofali vipya. Zamani lilikuwa chini kuliko usawa wa sakafu ya bafu. Kuna sababu kubwa ya kuliweka chini, sentimita 15 au zaidi: bomba kubwa likiziba, maji yanafurikia uani, mtu anaona, anachukia, anaita fundi. Likipandishwa, sehemu ya chini kuliko zote inakuwa ni tundu la bafu, na mafuriko yanaingia ndani. Pili, mfereji wa mvua wa uani ulifunikwa na pevingi, na aliyefanya kazi akaona njia rahisi: bomba la kushusha maji ya paa akalielekeza kwenye chemba ya pili. Hiyo ndiyo siri ya usiku wa mvua. Familia imelala, koki zimefungwa, na paa zima linamimina kwenye bomba la inchi nne lenye tumbo.

Kuunganisha mvua na majitaka hakumwumizi mwenye nyumba peke yake. Nyumba kadhaa zikifanya hivyo kwenye mtaa mmoja, bomba la mtaa linazidiwa, mifuniko inanyanyuka, na kinyesi kinaelea barabarani wanapopita watoto wa shule. Jirani wa ng'ambo niliyemtaja, chemba yake iliyofurika juzi, sitashangaa kama naye alikuwa anakunywa mvua ya mapaa ya wenzake.

Tulilitoa bomba lote la mita kumi na moja, tukakata mizizi, tukaweka kitanda cha mchanga wa sentimita kumi na kulaza bomba jipya kwa uzi, sentimita 1.8 kila mita bila kupungua wala kuzidi. Kulizamisha zaidi hatukuweza, maana kina cha chemba ya tatu kinafuata bomba la mtaa. Kwa hiyo juu yake tulifukia mchanga, kisha tukamwaga jamvi la zege lenye nondo, pana kuliko mtaro, likaegemea ardhi ngumu ya pande mbili ili uzito wa gari upite pembeni usilifikie bomba. Gali tulilishusha. Bomba la paa tulilitoa kwenye chemba na kulielekeza kwenye mfereji tuliofungua upya. Sakafu ya chemba ya kwanza iliyoliwa na asidi tuliisiriba tena.

Yakabaki ya ndani ya nyumba, ambayo hayahitaji koleo.

Binti aliamini, kama wengi tunavyoamini, kwamba mafuta yakioshwa kwa maji ya moto yamekwenda. Yamekwenda mita chache. Mafuta ya nazi hapa pwani mara nyingi hubaki majimaji, yanaganda kwenye nyuzijoto 24 hivi, ndiyo maana utayaona meupe kwenye chupa asubuhi za Julai. Lakini mafuta ya ng'ombe yanayotoka kwenye nyama ya pilau yanaganda hata kwenye joto la mchana wa Dar, na ardhini kuna ubaridi zaidi. Na hata wenye teknolojia kubwa yamewashinda: mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, wafanyakazi wa majitaka walikuta bonge la mafuta na vitambaa lenye urefu wa mita 250 na uzito uliokadiriwa kuwa tani 130. Kipande chake kiliwekwa Museum of London mwaka uliofuata, watu wakatazame. Lililotoka Upanga lilijaza ndoo mbili, ila ni la ukoo huohuo.

Tulimjengea mtego wa mafuta nje ya jiko, kabla ya chemba ya kwanza: kisanduku cha zege chenye ukuta katikati usiofika chini. Maji yanapita chini ya ukuta, mafuta yanaelea na kubaki. Kila Jumamosi yanachotwa kwa upawa wa zamani na kutupwa na takataka. Na sufuria sasa inafutwa kwa gazeti kabla haijaguswa na maji.

Mpangaji wa uani nilimwendea taratibu, maana alikwisha kusikia lawama. "Dada, pakiti yenyewe imeandikwa kwamba vitambaa hivi vinatupwa chooni. Hukukusudia." Nikachukua chupa mbili zenye midomo mipana, nikatia maji, moja nikaweka karatasi ya chooni, ya pili kile kitambaa, nikampa atikise. Karatasi ilichanika na kuwa kama uji. Kitambaa kilitoka kizima, angeweza kukikamua na kukianika.

Choo chake kilikuwa na shida nyingine, na hii naiona mara nyingi zaidi kila mwaka wa mgawo wa maji. Tangi la flashi lilikuwa limeharibika, na kwa kubana maji alikuwa anamwagia kopo moja, lita mbili hivi. Lita mbili zinaondoa kinyesi machoni. Hazikifikishi kwenye chemba. Kinaachwa njiani, kinakauka, cha kesho kinakikuta. Naelewa kabisa kwa nini mtu anabana maji anayoyanunua kwa dumu, na sitamwambia ayachezee. Nilichomshauri ni kutumia maji ya kusuuzia nguo, na kuyamwaga ndoo kwa mara moja kwa nguvu, si kopo kwa kopo. Tangi lilitengenezwa kwa kubadilisha mpira wa chini tu.

Nilirudi mwezi wa kumi na mbili, vuli ikiwa imekwisha kupiga vizuri, bila kuitwa. Mama alinikaribisha chai kwanza, hakutaka nifungue kitu kabla sijakaa. Kisha tukatoka. Chemba ya kwanza safi, ya pili safi. Nilishusha kioo, kijana akamulika kutoka getini, na mwezi ulikuwa mzima.

Mjukuu yule wa miaka kumi alikuwa amepaka namba kwenye mifuniko kwa rangi nyeupe, 1, 2, 3, na nyuma ya mlango wa jiko alibandika mchoro wake mwenyewe wa nyumba, mabomba kwa kalamu ya bluu, mishale ikielekea getini. Pembeni ya chemba ya tatu ameandika: "Hii ikiwa tupu, usipige simu. Mwite babu fundi."

Nikamwomba kalamu, nikaongeza kina cha bomba chini ya pevingi, na mahali jamvi la zege linapoanzia na linapoishia.